Kikapu cha Baba na Ahsante Zangu

Mtu akiniuliza wapi pa kula vizuri hapa mjini, namjibu bila ya kufikiri, maana nimeizunguka Unguja nzima na bakuli la kifuniko mkononi. Boko boko najua nani bingwa wake. Mkate wa ajemi najua tanuri gani ukichelewa kidogo unaambiwa rudi kesho. Urojo siuzungumzii, huo kila mtu ana wa kwake na watu wameshanuniana kwa ajili yake. Lakini elimu hii sikuipata kwa starehe. Niliipata nilipokuwa nahangaika kumtia baba yangu chakula kinywani, na kila nilichokileta alikionja, akasema Alhamdulillahi, akasukuma sahani.

Nieleze mambo ya kwetu kwanza. Sisi ni watu wa Mji Mkongwe, na katika nyumba yetu sokoni anakwenda mwanamme. Baba yangu ni karani mstaafu wa bandari, lakini kazi yake ya kweli, tangu alipooa, ilikuwa kikapu. Asubuhi akishakunywa chai anavaa kofia, anachukua kikapu chake cha ukindu, anakwenda Darajani kwa mboga na nazi, kisha Malindi kwa samaki. Akirudi anapanda ngazi zetu ndefu, na mama anamngoja juu, mkono kiunoni.

Mama hakuwahi kukipokea kikapu kimya. Anakiinamia, anaingiza mkono mpaka chini, na maneno yanaanza. Bilingani limechomwa na jua. Ndimu hizi ngozi tupu. Pono huyu kavuliwa lini, kabla sijaolewa? Baba naye hajibu kwa upole. Wanabishana hapo mpaka jirani wa dirisha la mbele, ambaye kichochoro chetu kimetutenganisha naye kwa urefu wa mkono, anatoa kichwa na kuamua kesi. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya. Mimi niliapa kwamba nikiolewa sitasema na mume wangu vile. Nikaolewa, nikasema naye vile, na nikarudi kwetu.

Mama alifariki mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Tukabaki watu wawili katika nyumba ile, mimi na baba. Mimi ni mwalimu, nasomesha Fizikia mkondo wa mchana, kwa hivyo asubuhi nipo nyumbani. Jikoni sikuwa najua kitu, na si kwa uvivu. Jiko la mama lilikuwa la mama. Ukiingia ukamuuliza, "Mama, nikusaidie?" anakwambia, "Nisaidie kutoka."

Hapo ndipo kaka yangu wa Dar es Salaam alipoingia kati. Kila jioni anapiga simu ya picha, na salamu zikishakwisha ananiambia, "Hebu msogeze baba karibu nimuone shingo." Maana baba alikuwa anakonda, na kukonda kwake kulianzia shingoni. Kaka akasema wazi: kama mzee hali, basi atakuja kumchukua akakae naye Dar, ana nafasi, ana mke, ana friji la milango miwili. Alisema kwa upendo. Najua ni kwa upendo, ndiyo maana nilishindwa kumtukana.

Baba alishawahi kwenda kwa kaka mara moja, mama angali hai. Kule chakula kinaagizwa kwa simu na kuletwa na kijana wa pikipiki, kimefungwa kwenye boksi. Alirudi kabla ya siku zake, akituambia kwamba Dar mtu unakula samaki hata hamjawahi kuonana. Kwa hivyo nilitegemea atawaka moto akisikia habari ya kuhamishwa. Nilipomuuliza alinijibu, "Mtakavyoamua nyie." Baba yangu! Mtu ambaye hakubali hata kuchaguliwa upande wa kukaa kwenye mkeka!

Nami sikutaka aende. Nilikuwa nimeshampoteza mama. Sikuwa tayari kubaki peke yangu katika nyumba yenye paa linalovuja, nasomesha umeme mchana na kuzungumza na paka nikirudi. Nikajiambia dawa ni moja tu, mzee ale, anenepe, kaka aione shingo na ayaache mambo yake.

Nikaanza kupika. Siku ya kwanza baba kaleta pweza. Nilimchemsha tangu asubuhi, na adhuhuri alikuwa kandambili. Nikamtia nazi, akawa kandambili yenye mchuzi. Baba alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu sana, mpaka nikamwonea huruma, akameza, akasema Alhamdulillahi. Wali wangu ulikuwa chini umeungua, juu mbichi, na katikati sijui niseme nini. Alhamdulillahi. Mchuzi wa kunde ulipokuwa mweusi na mimi mwenyewe sijui weusi ule umetoka wapi, nilimtazama usoni nikingoja aniseme. "Alhamdulillahi," akasema, akaomba maji.

Nikaona hapana, huku nitamuua mzee wa watu kwa mikono yangu. Nikaanza kununua.

Asubuhi, baba akishatoka na kikapu chake, nami natoka na bakuli langu kwa njia nyengine. Nilikuwa na watu wangu kila pembe. Kuna mama mmoja nyuma ya Vuga, maharage yake ya nazi yanakufanya utake kuomba radhi kwa watu uliowakosea. Kuna mzee wa mishkaki ambaye hauzi mpaka akutazame kwanza kama unastahili. Bububu, pembeni ya barabara, niligundua dada anayepika samaki wa kupaka, na foleni yake inaanza yeye hajawasha makaa. Nilifika mpaka Chwaka siku ya mapumziko, nikaletewa ngisi laini ambaye hukutakiwa kuwa na meno kumla. Forodhani tu, kwa watalii, ndiyo sikwenda, maana pale chakula kinasema Kiingereza.

Nikifika nyumbani nahamishia kila kitu kwenye sufuria za mama. Kisha nakaanga kitunguu kimoja makusudi, ili nyumba inukie na baba aamini kwamba kumepikwa. Kitunguu hicho nilikuwa hodari nacho. Namimina chakula kwenye sahani, natia kanga kiunoni, najifuta jasho ambalo halipo, nasema, "Karibu baba, leo nimejitahidi."

Alionja maharage ya Vuga. Alhamdulillahi. Alionja samaki wa Bububu, yule ambaye watu wanatoka mashamba kumfuata. Alhamdulillahi. Ngisi wa Chwaka nilimuona kabisa akimfurahia tonge la kwanza, macho yakafunguka, nikasema leo, leo! Tonge la pili likaenda polepole, la tatu likasimama njiani. Akasukuma sahani, akaenda kukaa dirishani. Chakula kizuri cha kisiwa kizima kilipita mbele ya baba yangu na hakikumsaidia kitu. Mimi ndiye niliyenenepa.

Wakati huo wote sokoni alikuwa bado anakwenda. Nami nilikuwa nimeshajiwekea nia kwamba angalau ile shida ya ngazini imekwisha. Mzee amegombezwa miaka yake yote ya ndoa kwa ajili ya bilingani, sasa apumzike. Akifika juu namkimbilia, nakipokea kikapu kwa mikono miwili, hata sikitazami vizuri. "Ahsante baba. Mungu akuweke. Mashallah, samaki mzuri kabisa!"

Yeye alikuwa anabaki amesimama. Kikapu nimeshakichukua, lakini yupo palepale kwenye kichwa cha ngazi, ananitazama.

"Umesahau kitu, baba?"

"Hata," anajibu, na anakwenda kuvua viatu.

Kisha kikapu kikaanza kuharibika. Mwanzoni nazi, ukiitikisa haisemi kitu. Halafu mchicha uliolala, halafu bilingani lenye wenyeji ndani. Samaki ndio wakanitisha. Baba yangu, ambaye zamani akipita Malindi wauza samaki walikuwa wanafunika wale wabovu kabla hajafika, sasa alikuwa analeta vibua laini kama ndizi mbivu. Nami nasema ahsante! Kadiri samaki alivyokuwa mbaya ndivyo nilivyokuwa nazidisha kumshukuru, nikimuogopa asivunjike moyo. "Ahsante sana baba, huyu atafaa sana kwa mchuzi." Akishageuka, nawapelekea paka wa kichochoroni. Paka wa mtaa wetu walinawiri mpaka wageni wanaotembezwa wakawa wanasimama kuwapiga picha.

Nilikwenda Malindi kumuuliza muuzaji wake mmoja wa siku nyingi.

"Shikamoo. Baba yangu siku hizi mnampa nini?"

"Marahaba. Tunampa anachochukua, mwanangu. Zamani alikuwa anapindua meza nzima na kututukana sote. Sasa hachagui. Namshikisha wa juu, anatia kwenye kikapu, anakwenda zake. Hata sisi tumeingiwa na wasiwasi. Anaumwa?"

Nikajua ni macho. Nikampeleka kwa daktari wa macho, akasoma herufi zote ukutani mpaka mstari wa mwisho, halafu akaendelea na maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa karatasi ile. Daktari akaniambia kama kuna mtu wa kupimwa hapa basi ni mimi. Tukarudi nyumbani bila ya dawa.

Kaka aliingia Ijumaa, na boti ya jioni. Alipanda ngazi, akambusu baba mkono, akamtazama shingo kwa macho yake, na uso ukambadilika. Shati la baba lilikuwa limesimama peke yake na yeye yumo ndani. Kaka hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu. Alinivuta pembeni tu akasema, "Jumapili naondoka naye." Tiketi ya baba alikuwa ameshaikata. Nikamwambia baba, naye akasema, "Mtakavyoamua nyie."

Jumamosi asubuhi baba akavaa kofia yake, akachukua kikapu, akaenda sokoni kama kawaida. Kaka alikaa sebuleni na kikombe cha chai, akitazama dari linalovuja. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, na safari hii vitunguu vilisingiziwa bure. Nilikuwa namuwaza mzee yule kwenye ghorofa za Dar, na kofia yake, na kikapu chake, hana pa kwenda. Nilikuwa na uchungu, na mimi nikiwa na uchungu nina hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

Tukasikia anapanda. Harufu ilifika kabla yake.

Nilitoka nikamkuta juu ya ngazi, kikapu mkononi. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama siku zote. Ndani alikuwemo kolekole, mkubwa, wa kijivu, jicho limeingia ndani kabisa. Nilimbonyeza, na kidole kikaacha shimo. Nilifungua mdomo kusema ahsante. Haki ya Mungu, nilikuwa nataka kusema ahsante.

"Baba! Ndiyo nini hiki?"

Baba akanitazama. "Samaki."

"Alikuwa samaki! Huyu sasa ni marehemu, ana haki ya kuzikwa! Kakuuzia nani?"

Kaka akaruka kutoka sebuleni. "Wee! Una wazimu? Unasema na baba hivyo?"

"Na wewe nyamaza, rudi kwenye chai yako!" nikamwambia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka na sikuwa na uwezo wa kuufunga. "Kila siku! Kila siku unaniletea vitu vya jaani, nami nasema ahsante! Nshachoka na ahsante! Mchicha huu umeununua au umeuokota? Wewe ndiye uliyekuwa ukipita Malindi watu wanatetemeka, leo unashikishwa mzoga na unaupandisha ngazi zote hizi? Umekwenda na macho au umeyaacha nyumbani?"

Nilijua nimeshaangamia. Mtoto gani anamwambia baba yake maneno kama yale, tena mzee, tena mfiwa, tena ndugu yake mkubwa anasikiliza? Nikangoja baba ainamishe kichwa.

Akakiinua.

"Samaki huyu," akasema polepole, "kaingia alfajiri hii."

"Alfajiri ya mwezi gani?"

"Wewe unajua nini habari ya samaki? Wewe unasomesha umeme!"

"Naam, na huyu hata ukimtia umeme haamki!"

"Jicho lake liko hivyohivyo! Kolekole ndivyo alivyo!"

"Kolekole jicho linamtoka, baba, macho yako ndiyo yameingia ndani!"

Dirisha la mbele likafunguka kwa kishindo. Jirani yetu, ambaye tangu mama afe alikuwa hajalifungua upande ule, akatoa kichwa na kanga yake. "Kuna nini huko jamani?"

Baba akamgeukia. "Huyu binti anasema mimi sijui kununua samaki!"

"Ebo! Kaleta nini?"

Nikamnyanyua kolekole kwa mkia, nikampeleka dirishani. Jirani akajiziba pua. "Lo! Lo! Mzee, hapo binti ana haki. Mrejeshe aliyekuuzia, amle yeye na watoto wake."

"Nyote hamjui kitu!" baba akapiga kelele. Nilikuwa sijamsikia akipiga kelele tangu msiba, na kabla ya hapo alikuwa anapiga kelele kila siku. Akaninyang'anya samaki, akamtupa kikapuni, akageuka. Miezi ile yote alikuwa anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Safari hii hakushika kitu. Tukamsikia mpaka chini, na mlango ukapigwa.

Kaka alinigeukia, na kwa aliyoniambia sikumlaumu. Aliniambia sina adabu, sina huruma, na kwamba sasa anajua kwa nini mzee anakonda. Nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kweli, makamasi yananitoka, na kanga yangu yote inanuka kolekole. Nikamwambia, "Mchukue. Mimi nimeshindwa. Mchukue umpe raha."

Muda ukapita, kila mtu na upande wake. Kaka alikuwa ameshaanza kuvaa viatu aende kumtafuta, ndipo tulipomsikia baba chini ya ngazi, sauti imemtangulia kupanda.

"Wako wapi hao wajuzi? Watoke! Watoke waone!"

Alifika juu anahema, kofia imekaa upande. Akakitua kikapu mbele ya miguu yangu. Ndani yake alikuwemo changu mmoja, mwekundu, anang'ara, ngozi bado ina utelezi wa bahari. Baadaye muuzaji wa Malindi alinihadithia kwamba mzee aliingia pale kama askari, akamrudishia kolekole mwenyewe mbele za watu, akapindua meza tatu, akamwita kila mtu mwizi, na walipomaliza kugombana wakamletea kiti na kahawa.

"Tazama jicho!" akaniamrisha. "Bonyeza! Bonyeza, nakwambia! Nusa!"

Nilibonyeza. Nilinusa. Alikuwa hana neno. Ahsante ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikanyanyua uso, nikamuona alivyosimama: palepale kwenye kichwa cha ngazi, kifua mbele, macho yanamwaka, ananitazama, anangoja. Yale ndiyo aliyokuwa akiyangoja kila siku akifika juu. Alikuwa hasahau kitu. Alikuwa anangoja mtu akitazame kikapu chake. Na mimi, mwanamke msomi, nilikuwa nampokonya na kumshukuru kama aliyeniletea mzigo wa posta!

Nikaimeza ahsante yangu, nikaweka mkono kiunoni.

"Na nazi iko wapi?"

Baba akababaika. "Nazi?"

"Changu huyu tumpike na nini, maji ya mfereji?"

"Sasa ulishindwa nini kusema mapema?"

"Mtu mzima anakumbushwa nazi?"

Akakichukua kikapu. Aliteremka ananung'unika ngazi hadi ngazi, kwamba nyumba hii mtu hapumziki, kwamba watoto wa siku hizi, kwamba yeye si punda. Alikuwa na furaha, Wallahi, alikuwa na furaha. Kaka alisimama na kiatu kimoja mkononi akitutazama kwa zamu.

Samaki nilimpika mimi mwenyewe, na nilimharibu. Alimeguka, chumvi ilizidi, tui lilikatika. Tukatandika mkeka, tukakaa. Baba akatia tonge mdomoni, nami nikajiandaa kusikia Alhamdulillahi.

"Chumvi hii," akasema, "ni ya leo peke yake au na ya Idi imo?"

"Usipoitaka, acha."

"Nani kasema siitaki? Na wali huu, umeupika au umeuadhibu?"

"Umeuadhibu wewe, umechelewa na nazi!"

"Mimi? Mimi niliyekwenda sokoni mara tatu kwa mguu?" Akavuta sahani karibu. "Nisogezee huo mchuzi. Mbaya, lakini nisogezee."

Alikula chote. Alimfyonza changu mpaka kichwa, kila mfupa na maneno yake, akaagiza wali tena, akaulaumu, akaumaliza. Kaka, masikini, alikula robo tu, akinywa maji kila tonge, na hakumwondolea baba macho. Ilipokwisha ndipo alipokohoa akasema, kwa ile sauti yake nzuri, "Baba, kesho basi, boti ni ya asubuhi."

Baba akanawa mikono bila ya haraka. "Kule kwako, nani atanigombeza?"

"Hakuna, baba! Nani athubutu? Utakaa kwa raha zako, hakuna atakayekuudhi."

"Ndivyo nilivyodhani," baba akasema. "Basi siendi."

Kaka akanitazama, akatazama sahani ya baba, akatazama mifupa. Jumapili nilimsindikiza bandarini na mkate wa ajemi wa kupelekea wanawe. Pale kwenye lango alinishika bega akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimuachie. Kila siku, unasikia? Hata kama hakukosa." Akapanda boti peke yake.

Nami sikumuachia. Niliingia shule upya. Jirani wa dirishani alinifundisha kutazama mashavu ya samaki, kuitikisa nazi, kuivunja bamia ncha. Kila asubuhi nilikuwa juu ya ngazi, mkono kiunoni, na mtaa ukawa unajua saa kwa kelele zetu. Siku ya kutopata kosa kubwa nalipata dogo. Kitunguu hiki kidogo, kile kikubwa. Huyu nguru mbona umemleta bila ya kukatwa, nina panga mimi? Kupika kwangu hakukutengemaa sana, nisiwadanganye, lakini baba aliponikosoa alinikosoa na mdomo umejaa. Shingo ya baba ikarudi. Kaka akipiga simu, baba anampa mgongo na kumwambia hana nafasi, yumo katika kesi.

Kisha kulikuwa na asubuhi moja, si zamani, alipopanda bila ya kusema neno. Akakitua kikapu, akarudi nyuma hatua, akafunga mikono. Niliinama. Mchicha ulikuwa bado una umande. Nazi zilisema zote. Ndimu nyembamba ngozi, pilipili imesimama, embe mbichi ya kutia kwenye mchuzi nimeshaletewa kabla sijaiuliza. Tasi alikuwa mzuri, nilimfunua mashavu, nikamnusa, nikamgeuza. Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa. Nikakipindua kikapu.

Hakukuwa na kitu. Hata kimoja.

Nikanyanyua macho. Baba alikuwa ananitazama, na kile kiburi alichopanda nacho kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo usoni. Alikuwa ameingiwa na hofu, mzee yule.

"Sasa?" akauliza.

"Umechelewa," nikamwambia.

Akacheka. Alicheka kwa nguvu, akashika ukuta, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika. Akakaa kwenye ngazi ya juu. "Mama yako," akasema, "akikosa kabisa la kusema, alikuwa akisema hilohilo." Akaingiza uso katika kofia yake akalia. Msibani hakulia, wala siku ya kisomo, wala siku tulipozitoa nguo za mama. Nilikaa karibu yake, nikamuegemea begani, nikalia na mimi, mchicha na ndimu zimetapakaa miguuni mwetu, na dirisha la mbele likafungwa taratibu bila ya mtu kuuliza kuna nini.

Baada ya muda akajifuta kwa mkono wa kanzu, akavaa kofia yake, akanisukuma kwa kiwiko.

"Umekaa tu?" akasema. "Samaki anaharibika huyo."